Je, wajua kwa nini mrija uliowekwa ndani ya aota, ateri kuu itokayo moyoni, huziba, na madaktari huuzibuaje?

Aota ya tumboni ikivimba kama puto, inaweza kupasuka na kuua. Tangu Juan Parodi na wenzake walipoonyesha njia mjini Buenos Aires mwaka 1990, wagonjwa wengi huwekewa mrija wa kitambaa ulioshikizwa na stenti, yaani fremu za waya wa chuma, ukapitishwa kwenye kinena. Umbo lake ni suruali hasa: kiuno hukaa chini ya ateri za figo, na kila tawi hushuka kwenye ateri ya nyonga. Kinachoziba mara nyingi ni tawi moja, hasa katika mwaka wa kwanza.

Ateri iliyopindapinda hukunja kitambaa. Sehemu ya chini ya aota ikiwa nyembamba, chini ya milimita 20, matawi mawili hubanana. Damu ikipita kwa shida, huganda.

Mguu hupoa ghafla, hupauka, huuma, kisha hufa ganzi. Mapigo ya kinena hayasikiki. Hapo kila saa ina thamani, kwa sababu misuli isiyopata damu kabisa huanza kufa ndani ya saa 6 hivi. Mgonjwa hupewa heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, papo hapo, kisha hupigwa picha ya CT.

Ateri ya paja hufunuliwa kinenani na kupitishwa katheta ya Fogarty, mpira mwembamba wenye puto dogo nchani. Puto huvushwa likiwa tupu hadi juu ya donge la damu, hujazwa maji kidogo, kisha huvutwa taratibu. Ndani ya ateri ya kawaida kazi hii ni nyepesi. Ndani ya stenti sivyo. Ncha za chuma hutoboa puto, na ukivuta kwa nguvu tawi huchomoka kwenye kiuno chake. Kwa hiyo huvutwa juu ya waya mwembamba uliotangulizwa ndani ya mrija, macho yakiwa kwenye skrini ya eksirei.

Donge likishatoka, kazi haijaisha. Lazima ipigwe picha ya dawa ya rangi palepale mezani ili kuona mkunjo ulipo, na stenti nyingine iwekwe ndani kuunyoosha. Ukiuacha, tawi litaziba tena.

Waya ukikataa kupita, damu huazimwa mguu wa pili: bomba la milimita 8 hushonwa kutoka kinena hadi kinena, chini ya ngozi. Yakiziba matawi yote mawili, bomba huanzia kwenye ateri iliyo chini ya mtulinga. Kung'oa mrija mzima huachwa kwa hali kama maambukizi, kwani kulabu zake huwa zimeng'ang'ania ukuta wa aota.

Damu ikirudi, hatari nyingine huanza. Misuli ya muundi huvimba ndani ya utando wake mgumu na kujinyonga, na potasiamu iliyovuja kutoka kwenye misuli iliyoumia inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Mguu uliokaa muda mrefu bila damu huchanjwa pande zote mbili chini ya goti, vyumba vyote 4 vya misuli vifunguliwe, kabla mgonjwa hajatoka chumba cha upasuaji.