Glasi ya bia kwa joto la Mombasa

Vitabu vingi vya bia vimeandikwa na watu wanaokunywa wakiwa wamevaa makoti, ndiyo maana vinasifu glasi kubwa. Painti ya Uingereza ni mililita 568. Jioni ya Machi huku kwetu, nyuzi 30 na jasho juu, robo ya mwisho ya painti hiyo haina tofauti na uji. Kwa hiyo kabla ya kuuliza umbo, mimi huuliza: bia hii itakaa mkononi dakika ngapi?

Kwa Tusker, White Cap na laga nyingine za chupa ya mililita 500, chukua glasi nyembamba na ndefu ya mililita 300, inayopanuka kidogo kuelekea mdomoni. Mimina nusu ya chupa, iliyobaki irudi kwenye ndoo ya barafu. Ule wembamba una kazi yake: uso wa bia ukiwa mdogo, gesi hutoka polepole na povu husimama nene badala ya kutandazika. Watu wa Köln kule Ujerumani hunywa bia yao ya Kölsch kwa glasi ya mililita 200, na weita huleta nyingine kila moja inapoisha, hadi ufunike glasi kwa kile kijikadi cha kuiwekea mezani. Hawana hata joto letu, lakini hesabu yao inatufaa sisi kuliko ya Waingereza.

Magi nzito yenye mkono inapendeza machoni, ila kioo kinene hutunza joto. Magi ya nusu kilo iliyotoka kwenye kabati la nyuzi 30, ukiitilia nusu lita ya bia ya nyuzi 4, huipandisha bia hadi nyuzi 8 hivi kabla hujaonja. Glasi nyembamba nayo hupandisha, japo si kama magi. Dawa si friza. Ule ukungu mweupe wa glasi iliyotoka humo ni barafu: bia ikiugusa hufumka povu, kisha barafu inayeyukia humo humo. Tena friza ya Pwani haikosi nguru wala changu, na harufu yao huganda pamoja na huo ukungu. Zamisha glasi kwenye maji ya barafu dakika mbili, kung'uta, usifute, mimina. Kioo kilicholowa hakishtui bia kama kikavu.

Sasa usafi, maana hapa ndipo baa nyingi zinapoharibu. Povu hushikiliwa na protini za nafaka pamoja na uchungu wa mahopi, yale maua yanayotiwa kwenye bia, na mafuta huvunja utando huo mara moja. Mwenye kula viazi karai au samaki wa kupaka akinywa, povu lake linakufa kuanzia pale midomo ilipogusa. Rangi ya mdomo ni hivyo hivyo. Hilo halizuiliki, lakini mafuta ya jikoni yanazuilika: glasi za bia ziwe na sponji yake, isiyogusa sufuria hata siku moja, na zioshwe kwa matone machache ya sabuni ya maji, halafu zisuuzwe mara mbili. Steelwool marufuku, mikwaruzo hukusanya gesi na bia huisha nguvu mapema.

Kupima ni rahisi. Jaza maji, mwaga, tazama ndani. Maji yakishuka kama utando mmoja, ni safi. Yakigawanyika vitone, kuna mafuta. Ukitaka kuyaona yalipo, nyunyiza chumvi ndani ya kioo kilicholowa. Sehemu isiyoshika chumvi ndiyo yenye mafuta. Na bia ikishamiminwa, viputo vilivyoganda ubavuni chini ya povu ni uchafu, wala si uzuri.

Ukitumia maji ya kisima yenye chumvi, glasi zitaota weupe usiotoka kwa sabuni. Loweka robo saa kwenye siki kikombe kimoja kwa maji vikombe vinne, kisha suuza kwa maji ya mtungi.

Stauti ya chupa, yaani bia nyeusi kama Guinness, inataka kinyume cha laga: glasi yenye tumbo na mdomo uliojikusanya, kama ya brandi, ijazwe nusu tu ili harufu ya shayiri iliyokaangwa ibaki ndani. Joto lake zuri ni nyuzi 10 hadi 13. Wanaoagiza Guinness "ya moto", yaani isiyotiwa friji, wakumbuke kwamba moto wa Limuru kwenye baridi na moto wa Mombasa si mmoja. Huku itoe kwenye friji, iache dakika kumi, inatosha. Na usiimimine robo tatu ukangoja yale mawimbi ya povu yanayoshuka. Hayo ni ya Guinness ya mfereji yenye naitrojeni. Ya chupa tunayouziwa haina, utangoja bure.

Bia ya ngano ya Kijerumani ndiyo pekee ninayoikubalia glasi ya nusu lita, kwa sababu povu lake ni jingi na linahitaji nafasi: chini nyembamba, juu pana. Lowesha glasi, ilaze karibu iwe tambarare, mimina taratibu. Bakiza vidole viwili chupani, zungusha hamira iliyotuama, malizia. Ndimu usitie. Najua Pwani ndimu haikosi mezani, lakini mafuta ya ganda lake yanaua povu lile lile uliloligharimia.

Eli (ale, bia zinazochachushwa kwenye joto zaidi kuliko laga) zenye mahopi mengi zipe glasi ya divai, ambayo ukikosa nyingine zote itakufaa kwa karibu kila bia.

Kuhifadhi: usizifudikize kwenye rafu ya mbao au juu ya kitambaa. Kwa unyevu wetu hewa iliyofungwa ndani huvunda, na bia ya kwanza itanuka kabati. Weka kwenye rafu ya waya, na suuza tena kabla ya kumimina.