Bunduki ya upepo ghalani: shilingi 500 inapima zaidi ya boksi

Mteja akiniletea bunduki ya upepo hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, kitu cha kwanza ninachomwomba ni sarafu ya shilingi 500. Naiweka juu ya karatasi, naizungushia kalamu, kisha nabandika karatasi ile kwenye gunia la mchanga nyuma ya karakana na kuhesabu mita 25. "Haya, piga tano, zote ziingie ndani ya duara." Wengi huingiza mbili. Na hao wengi ndio waliotangulia kuniambia kwa furaha kwamba bunduki yao inapiga futi 1,250 kwa sekunde, wameisoma kwenye boksi.

Siwalaumu. Namba ile huchapwa kubwa kuliko jina la bunduki. Ila hupatikana kwa risasi nyepesi za aloi ambazo hutawinda nazo, na ukizitumia utajuta. Futi 1,250 ni kama mita 380 kwa sekunde, wakati sauti yenyewe husafiri mita 340 hivi. Risasi ya bunduki ya upepo ina kiuno chembamba na sketi pana nyuma. Ikitoka kwa kasi inayopita sauti halafu ikapungua njiani, hewa huitikisa na kuipotosha. Mimi sitaki risasi yangu ipite mita 280 kwa sekunde, na kwa kazi ya ghalani hata 200 ni nyingi.

Bunduki ya upepo haiui kwa kishindo. Bunduki ya baruti inaweza kumwangusha mnyama hata ukikosea kidogo, hii haikusamehei. Inaua kwa mahali inapoingia, na mahali penyewe ni ubongo. Ubongo wa panya wa nyumbani ni kama punje kubwa ya haragwe. Wa njiwa haupiti hapo. Ndiyo maana napima kwa sarafu: umbali ambao mkono wako unaweza kuweka risasi tano kati ya tano ndani ya sarafu ndio umbali wako wa kuwinda. Kama ni mita 15, basi wewe ni mwindaji wa mita 15, hata kama bunduki imegharimu bei ya ng'ombe.

Somo hili nililipata kwa njiwa. Nilikuwa na miaka mitatu tu katika kazi hii, nimeitwa kwenye ghala la mtama ambako njiwa walikuwa wanachafua magunia. Niliegemeza mtutu moja kwa moja kwenye chuma cha dirisha, nikaibana bunduki kwa nguvu zangu zote nikidhani ndivyo inavyotulia. Njiwa alianguka upande wa nje wa mabati. Nilimtafuta dakika arobaini, nikamkuta chini ya lori bawa limevunjika, anahema mdomo wazi. Nilimmaliza kwa mkono, nikafunga kazi siku ile. Bunduki haikuwa na kasoro yoyote.

Kosa lilikuwa langu, na nalieleza kwa urefu kwa sababu nusu ya bunduki zinazoletwa kwangu kama "mbovu" zina tatizo hilo hilo. Bunduki ya springi ina pistoni nzito ndani. Ukivuta traiga, springi inairusha pistoni mbele, na mwili wa bunduki unarudi nyuma. Pistoni ikifika mwisho inagonga mto wa hewa, na sasa bunduki inasukumwa mbele. Mambo haya mawili hutokea wakati risasi bado imo ndani ya mtutu. Ukiibana, kila siku utaibana tofauti kidogo, nayo itaruka tofauti kidogo. Ukiilaza juu ya chuma au jiwe, itadunda. Dawa yake ni kuiachia uhuru: fungua kiganja cha kushoto, ilaze juu yake kama unavyopakata kichwa cha mtoto aliyelala, bega liguse kitako bila kukikandamiza, vuta traiga taratibu, na ubaki umelenga hivyo hivyo hadi risasi imefika. Ukitaka kuegemea dirishani, egemeza mkono, na bunduki ikae juu ya mkono.

Springi ndiyo ninayomshauri mtu anayeanza, hasa yule anayeishi mbali na mji. Mtutu unakunjwa, unakoki, unaweka risasi, basi. Haihitaji gesi wala pampu. Ila usiuachie mtutu hata sekunde moja unapoweka risasi, maana traiga ikiponyoka mtutu unaruka juu kwa nguvu za kukata kidole gumba na kupinda mtutu wenyewe. Usifyatue bila risasi. Pistoni hukosa mto wake na kugonga chuma kwa chuma. Na tafadhali, msitie mafuta ya pikipiki kwenye chumba cha hewa. Hewa ikibanwa ghafla inapata moto, mafuta yanalipuka, unasikia mlio mkubwa na harufu ya kuungua, na mwenyewe anafurahi kwamba bunduki "imepata nguvu" huku sili, ile pete ya pistoni inayozuia hewa isivuje, inateketea. Bunduki za zamani za aina ya Diana zenye sili ya ngozi hutaka matone machache ya mafuta ili ngozi isikauke. Zenye sili ya plastiki hutaka silikoni, tena kidogo sana.

Za vichupa vya gesi ya kaboni dioksidi nitazipita haraka. Shinikizo la gesi ile hupanda na kushuka na joto, na jua la hapa Februari litakuhamishia shabaha kati ya saa nne asubuhi na saa saba mchana. Vichupa navyo ni kazi kuvipata.

Zenye tangi la hewa ni tamu. Hazirushi bega, na mtu wa kawaida anapiga vizuri nazo siku ile ile. Tatizo ni kuzijaza. Zinataka shinikizo la bar 200, nyingine hadi 300. Kompresa ya fundi wa magurudumu hutoa bar 8 au 10, haitakusaidia. Utanunua pampu ya mkono na utatokwa jasho, na unyevu ukiingia tangini kutu itaanza ndani bila wewe kuiona. Lakini hilo ni dogo. Kijana mmoja alinipitia akiwa njiani kwenda kwa fundi wa kuchomelea, wameshaelewana amjazie tangi kutoka kwenye mtungi wa oksijeni. Nilimshika mkono. Oksijeni ya shinikizo kubwa ikikutana na grisi kidogo tu ndani ya vali, inalipuka, na tangi lile liko chini ya uso wako. Hewa ya kawaida, safi na kavu, basi. Ukiona mtu anataka kujaza oksijeni, mzuie hata kama hamjuani.

Kuhusu kipenyo, watu hubishana sana. Chukua risasi ya milimita 4.5 yenye gramu 0.52 ikitoka kwa mita 240 kwa sekunde: ina nguvu ya jouli 15, jouli ikiwa kipimo cha nishati. Chukua ya 5.5 yenye gramu 0.93 ikitoka kwa mita 180: jouli 15 vile vile. Waingereza wamewinda sungura miaka na miaka kwa bunduki zisizozidi jouli 16 hivi, mpaka wa sheria yao, kwa hiyo nguvu hiyo inatosha ukikaa ndani ya mita 30. Tofauti ni njia. Ya 4.5 inakwenda kwa mstari ulionyooka zaidi, ukikosea umbali kidogo bado unapata. Ya 5.5 inapinda mapema lakini ikifika inaacha nguvu zaidi ndani ya mnyama, haipenyi na kutokea upande wa pili kirahisi. Ghalani natumia 4.5 ya nguvu ndogo. Kwa mnyama mkubwa kuliko panya, nachukua 5.5 na sibishani.

Risasi zenyewe nunua makopo madogo ya aina nne au tano, zenye kichwa cha duara, na uache bunduki ichague. Mitutu miwili ya kiwanda kimoja inaweza kupenda risasi tofauti. Kisha zitunze: kopo likisafiri juu ya boda kutoka mjini hadi Koboko, sketi za risasi zinagongana na kupinda, na risasi yenye sketi iliyopinda haiendi unakolenga. Mimi najaza kipande cha sponji chini ya kifuniko ili zisicheze.

Darubini iwe iliyotengenezwa kwa bunduki ya upepo. Ule msukumo wa kwenda mbele niliousema huvunja lenzi za darubini nyingi zilizozoea kurudi nyuma tu. Tena kumbuka darubini iko sentimita nne au tano juu ya mtutu. Ukiipatanisha kwa mita 25, panya wa mita 7 utampiga chini ya ulipolenga, na wengi hawaamini mpaka waone kwenye karatasi. Kaa na karatasi mchana mzima: mita 7, 10, 15, 20, 25, 30. Andika risasi inatua wapi, bandika kwenye kitako.

Sasa sheria, na hapa sitanii na mtu. Kila mnyama wa porini Uganda yuko mikononi mwa Serikali kwa niaba ya wananchi. Kanga, kwale, ndezi, sungura wa porini: huwezi kuwawinda bila haki inayotolewa na Mamlaka ya Wanyamapori, UWA, chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2019. Udogo wa bunduki haukuondolei kosa. Korongo taji akitua kwenye mahindi yako, mfukuze kwa makopo na kelele. Ni ndege wa bendera yetu na anapungua. Na kabla ya kununua bunduki, nenda polisi uonyeshwe utaratibu wa kibali, upewe kwa maandishi. Jeshi la Austria lilikwenda vitani na bunduki za upepo tangu miaka ya 1780. Hiki si kichezeo, na jicho la mtoto halirudi.

Ndiyo maana kazi yangu kubwa ni panya. Juzi nilikuwa kwa Hajati mmoja mwenye ghala la mahindi. Alinipokea akiwa ameshikilia gunia lililotafunwa pembe. "Mwanangu, hawa wananila mimi, hawali mahindi." Jioni ile nilianza kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na majirani wa pande zote, niwaambie nitakuwa ndani na taa na bunduki. West Nile, eneo letu hili, imeona vita. Mtu mwenye kivuli cha bunduki usiku asipojulikana anaweza kupigwa kabla hajaulizwa.

Ndani, nilitazama kwanza nyuma ya shabaha. Sementi na mabati hurudisha risasi, kwa hiyo miwani ya macho haitoki usoni, na nyuma ya kila mahali ninapopiga kuna gunia la mchanga. Sipigi kuelekea magunia ya nafaka. Risasi nyingi hutengenezwa kwa madini ya risasi, ledi kwa Kiingereza, na ledi ni sumu. Haina kazi kwenye mahindi yatakayosagwa kuwa posho ya watoto wa shule. Ghalani natumia za bati, na nahesabu: zilizotoka na zilizopatikana lazima zilingane.

Chambo changu ni odii, ule mseto wa simsim na karanga. Ukimwekea panya punje ya mahindi ataichukua na kukimbia nayo. Odii naipaka ndani ya tundu la tofali, mita 10 kutoka nilipokaa. Panya hana la kubeba, anabaki analamba. Taa yangu ina karatasi nyekundu, mwanga ambao panya hauoni vizuri. Nilikaa kwenye kiti cha Hajati, mgongo ukutani. Saa tatu kasoro alitoka wa kwanza, akanusa kona mbili, akafika kwenye tofali. Aliingiza pua, akatoa, akageuka ubavu. Nikasubiri. Aliporudi kulamba, sikio lilikuwa limetulia kabisa, na risasi iliingia kati ya sikio na jicho. Hakupiga teke hata moja. Hadi saa sita usiku walikuwa kumi na mmoja, na wawili niliwaacha waende kwa sababu hawakutulia.

Kuwaokota kuna utaratibu wake hapa kwetu. Arua, Nebbi na Zombo zinajulikana kwa tauni, na tauni husafiri kwa viroboto wa panya. Panya akifa na mwili ukaanza kupoa, viroboto wanamhama na kutafuta damu nyingine, hata yako. Kwa hiyo siku chache kabla ya kupiga, afisa wa afya alishakuja kuweka dawa ya viroboto kwenye mapito ya panya, mbali na nafaka. Usiku wenyewe navaa buti, suruali imeingizwa ndani ya soksi, naokota kwa koleo refu, natia kwenye mifuko miwili, nafukia shimo refu. Panya hawa hawaliwi. Njiwa wa ghalani pia mimi sili, kwa kuwa anashinda kwenye nafaka iliyotiwa dawa ya fukusi.

Alfajiri Hajati alinionyesha panya mwingine nyuma ya mlango, mkavu, hana tundu la risasi. Huyo sikumgusa. Nilifunga mlango, nikamwambia asiruhusu mtoto wala paka kuingia, nikapiga simu kituo cha afya, na tukakaa nje tukisubiri wafike. Wakati tunasubiri nilimuuliza kama kuna mtu nyumbani mwenye homa au mitoki iliyovimba kwapani au kinenani. Alisema hakuna.