Gurudumu la ladha ni nini, na kwa nini kahawa ya Ziwa inalihitaji

Gurudumu la ladha ni mchoro wa duara uliojaa majina ya ladha na harufu. Katikati yamo majina mapana, kama tunda, kiungo, au kilichochomwa. Kadiri unavyosogea ukingoni majina yanazidi kubana, mpaka unafika kwenye limao, karafuu au mkaa. Waonjaji wa kahawa, mvinyo, bia, chokoleti na hata tumbaku wana la kwao. Wanalitumia ili watu wawili wakionja kitu kimoja waweze kuambiana wanachokipata na wakaelewana. Halitoi alama, wala halimfundishi mtu apende nini.

Nitalieleza kwa kahawa, maana huku ziwani kahawa ndiyo inayolihitaji zaidi. Magharibi ya Ziwa Victoria kuna Kagera, nyumbani kwa kahawa ya aina ya robusta. Wahaya waliitafuna kahawa iliyochemshwa na kukaushwa, akamwani, tangu enzi za mababu, kabla hajaja mtu wa kuinunua kwa kilo. Mashariki, Tarime wanalima aina nyingine, arabika. Mwanza tuko kati ya hizo mbili, na vijiwe vyetu vya kahawa havikauki: birika juu ya jiko la mkaa, vikombe vidogo, kashata pembeni. Ukimuuliza mnywaji kahawa ya leo ikoje, atakwambia ni kali, ni nzito, au ni chungu sana. Kwa mnywaji hayo yanatosha. Kwa mkulima wa Muleba au Misenyi hayatoshi hata kidogo. Mnunuzi akimwambia "kahawa yako mbaya", hajampa la kufanya. Akimwambia "kahawa yako inanuka udongo", amemwonyesha pa kuanzia.

Huko ndiko gurudumu lilikotoka. Walioanza walikuwa watu wa viwandani waliokuwa wanasaka kasoro. Miaka ya 1970 Morten Meilgaard, mkemia wa bia mzaliwa wa Denmark, aliongoza kazi ya kupanga majina ya ladha za bia katika duara moja, likachapishwa mwaka 1979. Bia ikiwa na harufu ya siagi, mwonjaji wa kiwanda anajua hapo kuna kemikali iitwayo diasetili, na aghalabu chachu haikupewa muda wa kumaliza kazi yake. Jina moja linampeleka fundi moja kwa moja kwenye pipa lenye tatizo. Mwaka 1984 Ann Noble wa Chuo Kikuu cha California, Davis, akatengeneza la mvinyo, na akaweka sharti ambalo mimi naliona ndilo roho ya jambo zima: maneno ya sifa hayaingii. "Nzuri", "ya kifahari", "ya hali ya juu", yote yalikaa nje. Yaliyoingia ni majina ya vitu unavyoweza kuvishika na kuvinusa. La kahawa lilitoka Marekani mwaka 1995, likasukwa upya mwaka 2016 kwa kutumia kamusi ya ladha iliyoandaliwa na taasisi ya World Coffee Research.

Kulisoma kunaanzia katikati. Tuseme umeonja kikombe na kuna kitu unakipata lakini hukijui jina. Usikimbilie ukingoni kutafuta neno zuri. Jiulize kwanza: ni tunda, au ni kitu cha kukaangwa? Ukishaona ni tunda, songa hatua moja: ni tunda chachu la jamii ya limao, au ni tunda lililokaushwa? Ukiona ni kavu, ndipo uamue kama ni zabibu kavu au ni plamu kavu. Ukikwama njiani, simama hapohapo. "Tunda kavu" ni jibu kamili, na lina faida kuliko "plamu kavu" ya kubahatisha. Katika gurudumu la 2016 kuna nafasi ndogo kati ya visanduku: vilivyobanana ni ladha za karibu, na penye pengo pana ladha zimeachana. Wengi hawaiangalii nafasi hiyo, na ndiyo inayokuonyesha kwamba waliotaja zabibu kavu na plamu kavu hawajapingana sana.

Kabla ya kwenda mbali, lazima tutenganishe ulimi na pua. Ulimi unajua mambo machache: utamu, uchachu, chumvi, uchungu, na ule utamu wa supu ya nyama au dagaa ambao Kikunae Ikeda wa Japani aliutambua mwaka 1908 na kuuita umami. Mengine karibu yote yaliyoandikwa kwenye gurudumu yanatoka puani, kwa hewa inayopanda kutoka nyuma ya koo. Jaribu na nanasi. Bana pua, tia kipande kinywani, tafuna. Utapata utamu na uchachu tu. Achia pua: nanasi linakuja lote mara moja. Mwenye mafua anaposema chakula hakina ladha, ulimi wake hauna ubaya wowote. Ni pua iliyoziba. Kwa hiyo mtu akikwambia kahawa yake ina karanga na kakao, hajasema kwamba kuna aliyeweka karanga humo. Amesema baadhi ya kemikali zilizopanda puani zinafanana na zile za karanga.

Sasa tuonje kikombe kimoja taratibu, kahawa ya maganda ya Kagera, yaani ile inayoanikwa tunda zima na kukobolewa ikishakauka. Buni imekaangwa kiasi, haijafika weusi wa kahawa ya kijiweni, maana ikikaangwa mpaka inatoa mafuta, ladha ya moto inafunika kila kitu na hutajua ilitoka shamba gani. Inasagwa papo hapo. Unanusa unga mkavu kwanza. Unapima takriban gramu 8 kwa mililita 150, unamwaga maji yaliyotoka kuchemka na kutulia kidogo, karibu nyuzi 93. Unga unapanda juu na kufanya tabaka. Baada ya dakika 4 unalivunja kwa mgongo wa kijiko, pua ikiwa karibu kabisa na kikombe. Hapo ndipo harufu inapotoka kwa wingi kuliko wakati mwingine wowote, na inapita haraka. Unaondoa povu na unga uliobaki juu, unasubiri, kisha unavuta kijiko kimoja kwa sauti, kwa nguvu, ili kahawa itawanyike kinywani na mvuke wake upande puani. Ukimaliza tema.

Ikiwa ya moto, kikombe hiki kinatoa uchungu na kitu cha kukaangwa. Nenda kwenye karanga. Kikipoa kidogo, kuna chumvi. Usishangae: fomu ya kuonjea robusta ina kipengele cha chumvi dhidi ya uchachu na kingine cha uchungu dhidi ya utamu, kwa sababu robusta ina tabia yake na si haki kuipima kama arabika iliyoharibika. Ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, ingawa kafeini yenyewe inachangia sehemu ndogo tu ya uchungu unaousikia. Kikipoa zaidi, kama matunda yalivunwa yakiwa mekundu na kuanikwa vizuri, tende inajitokeza, na nyuma yake kakao. Kama hayakuanikwa vizuri, kinachojitokeza ni udongo.

Huo udongo una historia. Tunda lililoanikwa chini, juu ya ardhi tupu, likanyeshewa, likarundikwa kabla halijakauka, linaota ukungu, na harufu ya ukungu ndiyo hiyo pua inayoisoma kama udongo au ghala lililofungwa. Dawa yake ni kichanja na turubai, na kugeuzageuza. Ladha ya nyasi mbichi au njegere inatoka kwa tunda lililochumwa kabla ya wakati. Nayo mara nyingi ina sababu ya mfukoni kuliko ya shambani: mkulima mwenye shida ya ada anauza kahawa ikiwa bado maua, ile biashara ya butura, na aliyeinunua hana subira ya kungoja wekundu. Harufu ya pombe, kama rubisi iliyozidi siku, inasema matunda yalikaa kwenye gunia yakachacha kabla ya kufika kichanjani. Harufu ya gunia lenyewe, ule ukavu wa kamba na magome, ni kahawa iliyolala ghalani muda mrefu. Na buni inanyonya harufu ya jirani yake: ihifadhi jikoni penye moto wa kuni, itarudi na moshi, isafirishe ubavuni mwa dagaa, mnunuzi atakutana na mwalo wa samaki ndani ya kikombe.

Hapo ndipo ninapoona gurudumu lina thamani kwetu. Kila jina ukingoni ni alama ya mahali fulani safarini, kuanzia shambani hadi kikombeni, na anayelijua jina anaweza kurudi mpaka pale lilipoanzia.

Lakini gurudumu hilo, kama lilivyo, halijaandikiwa Mwanza. Majina yake mengi ni ya vitu ambavyo watu wa huku hawajawahi kuvinusa: aina kadhaa za matunda madogo ya nchi za baridi, sharubati ya miti ya Kanada, na kadhalika. Kwenye kamusi iliyo nyuma yake, kila jina limefungwa kwa kitu halisi cha kulinganishia, na vingi ni bidhaa za maduka ya Marekani. Kijana wa chama cha msingi cha wakulima anayefundishwa kuonja anakariri jina la tunda ambalo hajawahi kuliona, kisha analitaja kwa sababu mkufunzi alilitaja. Hiyo si kuonja. Ni kuitikia.

Suluhisho halihitaji kungoja mtu. Noble mwenyewe aliwafundisha watu kutengeneza vielelezo kwa kutia kitu halisi kwenye glasi ya mvinyo usio na makeke, wanuse, wakumbuke. Sisi tunaweza kufanya hivyo kwa vilivyopo sokoni. Kwa uchachu: ndimu, ukwaju, ubuyu, embe bichi. Kwa matunda: zambarau, pera, nanasi la Geita, ndizi mbivu iliyoanza kuwa na madoa. Kwa utamu wa kuungua: sukari guru, na asali ya misitu ya Tabora, ambayo ina ukali wake. Kwa vilivyokaangwa: karanga, ufuta, mahindi ya kuchoma. Viungo havihitaji kutajwa, kila duka linavyo. Na kasoro ziwekwe zote, bila aibu: udongo ulioloweshwa, kipande cha gunia, majani mabichi yaliyopondwa, mkaa, kijiko cha rubisi. Kila kimoja kwenye kikombe chake, kifunikwe na kisahani kwa dakika kadhaa ili harufu ijikusanye, kisha watu wanuse bila kuona kilichomo na kila mmoja aandike. Wakitofautiana, wafunue na wanuse tena mpaka wakubaliane. Kikundi kilichofanya hivyo kwa wiki chache kitaonja vizuri kuliko kikundi chenye bango la rangi ukutani.

Neno "aandike" nalitilia mkazo. Mezani mkubwa akisema "hapa kuna chokoleti", vijana wote wataipata chokoleti, na wataipata kweli, maana pua inashawishika kirahisi sana. Kwetu, ambako si adabu kumpinga mzee mbele za watu, hili lina uzito zaidi. Kwa hiyo watu waonje kimya, karatasi zikusanywe, na mwenye cheo azungumze wa mwisho.

Utaratibu huuhuu unatumika kwenye vitu vingine. Wanaovuta sigara nene za majani yaliyoviringishwa, zile za Kuba na jirani zake, wanalo gurudumu lenye mierezi, ngozi, pilipili, kakao, nyasi kavu na njugu. Moshi wake hauvutwi mapafuni. Unakaa kinywani na kidogo unatolewa kwa puani, kwa sababu ileile ya nanasi. Na huko pia jina linafuata chanzo: ukali wa amonia unasema majani hayakupewa muda wa kutosha kuchacha na kutulia, na mwerezi unatokana kwa sehemu na masanduku ya mbao yanayohifadhia. Ila saratani ya kinywa haibagui sigara nene na nyembamba, na uvutaji unaififisha pua, ambayo ndiyo chombo cha kazi cha mwonjaji.

Kwa wa Kagera, Tarime na Mwanza, mahali pazuri pa kuanzia ni chama cha msingi wakati wa msimu, pale mkulima anapoleta magunia. Sufuria ya maji, kinu cha kusagia, vikombe vya aina moja, vijiko, na zile sampuli za sokoni. Mkulima mwenyewe akae mezani, aonje kahawa yake pembeni ya ya jirani aliyeanika kwenye kichanja, na aandike anachokipata kabla ya kuambiwa bei.