Kiu ya unga huanza kabla ya fikra

Swali ninaloulizwa kuliko mengine yote na ndugu wa wagonjwa, katika kazi yangu ya saikolojia tiba kwenye kliniki ya methadoni, dawa wanayokunywa waraibu badala ya heroini, hapa Dar es Salaam, ni hili: ikiwa kweli aliamua kuacha, mbona amerudi? Anayeuliza hivyo huamini kwamba kila tendo hutanguliwa na uamuzi ambao mtendaji anaufahamu, na kwa hiyo aliyerudia unga, yaani heroini, ama alidanganya, ama hana msimamo, ama, kama wanavyohitimisha wengine, amerogwa. Mimi naona kwamba sehemu kubwa ya uraibu huendeshwa na mambo ambayo ubongo umejifunza bila mwenyewe kuambiwa. Sizungumzii siri za utotoni zilizozikwa moyoni, ambazo watu hupenda kuzisikia kwa mwanasaikolojia. Nazungumzia mazoea ya kawaida kabisa, yanayoweza kupimwa.

Mfikirie mgonjwa aliyekunywa dozi yake asubuhi mbele ya muuguzi. Methadoni humtosheleza mtu kwa takriban saa 24, kwa hiyo saa nne asubuhi damu yake haina upungufu wowote wa kumletea arosto, yaani mateso ya kukosa dawa. Hata hivyo, daladala inapokaribia kituo alichozoea kushukia kwenda maskani, kijiwe cha watumiaji, anaanza kupiga miayo, machozi na kamasi vinamtoka, vinyweleo vinasimama na tumbo linamkoroga. Wakati huo huenda anawaza nauli tu, au mzigo anaokwenda kuubeba Kariakoo. Kituo kimetambuliwa na mwili, naye anapata habari baadaye, kisha anaitafutia maneno: dozi haitoshi, au leo siko sawa. Abraham Wikler, daktari aliyewachunguza waraibu katika hospitali ya Lexington, Kentucky, nchini Marekani, alikwisha kueleza katika miaka ya 1940 kwamba dalili za kukosa dawa zinaweza kufungamana na mahali na kuamshwa na mahali hapo hata baada ya dawa kuondoka mwilini.

Ufungamano huo una makao yake katika ubongo. Wolfram Schultz, mtafiti wa ubongo, alipochunguza nyani waliokuwa wakipewa maji ya matunda, aligundua kwamba seli zinazotoa dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na hamu, mwanzoni ziliitikia maji yenyewe, lakini nyani walipokwisha kujifunza, ziliitikia ishara iliyoyatangulia. Kwa mtumiaji wa unga ishara hizo ni karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, mlio wa kiberiti cha gesi, sauti ya rafiki fulani kwenye simu, na zaidi ya yote, fedha taslimu mfukoni jioni ya siku ya malipo. Wala si lazima azione kwa kufahamu. Mwaka 2008 mtafiti Anna Rose Childress na wenzake waliwaonyesha waraibu wa kokeini picha za dawa kwa sekunde 0.033 tu, muda mfupi kiasi kwamba hawakujua wameona nini, na bado maeneo ya ubongo yanayohusika na hamu na hisia yaliamka.

Watafiti Terry Robinson na Kent Berridge waliongeza jambo ambalo wagonjwa wangu hulielewa haraka kuliko wanafunzi wa chuo: kutaka na kufurahia ni mifumo miwili tofauti. Mtu anaweza kuutaka unga kwa nguvu zaidi kila mwaka huku raha yake ikizidi kupungua. Ndiyo maana kumkumbusha madhara, ambayo anayajua kuliko sisi, hakufiki mahali hamu inapozaliwa.

Kuna upande wa hatari zaidi, na familia huambiwa habari zake mara chache mno. Mahali palipozoeleka, mwili hujiandaa kuipinga dawa kabla haijaingia, na maandalizi hayo ni sehemu ya ustahimilivu, yaani uwezo wa mwili kuhimili dozi kubwa. Mwaka 1982 mwanasaikolojia Shepard Siegel na wenzake waliwapa panya waliozoeshwa heroini dozi kubwa: waliopewa katika mazingira yaleyale walikufa takriban theluthi moja, na waliopewa mahali pageni takriban theluthi mbili, ingawa dozi ilikuwa moja. Kwa hiyo kijana aliyetoka gerezani au nyumba ya upataji nafuu, ambaye ustahimilivu wake umekwisha kushuka, akajidunga kiasi chake cha zamani kwenye chumba asichokizoea, yuko hatarini mara mbili.

Haya hayamwondolei mtu wajibu. Kati ya miayo kwenye daladala na kete ya unga mkononi kuna dakika kadhaa, na katika dakika hizo mtu anaweza kuchagua, ilimradi ametambua kinachomtokea. Kwa sababu hiyo, pamoja na dozi, tunachora naye njia anazopita: ashukie kituo kipi, nani apokee ujira wake, namba zipi azifute kwenye simu. Nanyi ndugu, akirudi hali yake imebadilika, acheni kumwuliza kwa nini, maana mara nyingi jibu hana, na atakalowapa atakuwa amelitunga papo hapo bila kujua kwamba analitunga. Mwulizeni alipita wapi, alikuwa na nani, saa ngapi, na mfukoni alikuwa na shilingi ngapi.