“Si nimpige kichwani tu, alale palepale?”

Kila kundi jipya la wanafunzi wa kuwinda kulungu kwa upinde ninalofundisha hapa Marekani lina mmoja wa kuniuliza hivyo. Si mjinga, mara nyingi ametoka kwenye bunduki. Ila nimelijibu swali hilo hadi limenichosha.

Risasi ya bunduki kubwa huchana na nyama za kandokando ya njia yake. Mshale ni kisu kinachoruka, unaharibu ulichogusa tu. Unaua kwa kukata mishipa ya damu na kutoboa mapafu. Ndiyo maana tunalenga mapafu yote mawili, na moyo ulio chini yake. Ubongo wa kulungu mwenye mkia mweupe ni mdogo kuliko ngumi yako, umezungukwa na fuvu, na kichwa ndicho kiungo asichokituliza. Ukikosea kidogo umemvunja taya. Atakimbia, hatakula tena, atakufa kwa njaa siku nyingi baadaye mahali usipopajua. Sijui hilo linaitwaje, lakini si uwindaji.

Akikupa ubavu, fuata ukingo wa nyuma wa mguu wa mbele, panda theluthi moja kutoka chini ya kifua. Akisimama mshazari huku kichwa kikielekea mbali nawe, sahau ngozi unayoiona. Waza mshale utokee usawa wa mguu wa mbele wa upande wa pili. Akikuelekea, shusha upinde. Ndiyo, hata pembe zikiwa za kukutoa udenda.

“Upinde wangu mzito, utapita bega.” Penye mfupa mwembamba, labda. Kwenye kiungo cha bega mshale hukwama, mnyama akaenda nao. Na kigumba, yaani ncha ya mshale, kisichonyoa nywele za mkono wako kisitoke kwenye podo, sitaki mjadala.

“Mita 50 sikosi.” Karatasi haina masikio. Mshale wa mita 85 kwa sekunde huchukua zaidi ya nusu sekunde kufika huko; mlio wa upote, kamba ya upinde, umeshatangulia, na kulungu huchuchumaa kabla ya kuruka. Anayeanza abaki mita 20.

“Nikimpata nimkimbilie.” Kaa chini! Damu ya waridi yenye povu ni mapafu, na bado usubiri nusu saa. Damu ya giza ni ini: saa 4 au zaidi. Mshale ukinuka na kuwa na uchafu wa kijani, umepiga utumbo: saa 8 hadi 12, kwani ukimwamsha alipolala huenda usimwone tena.

Halafu kuna wanaofuzu kwangu wakapanda ndege kwenda Namibia au Afrika Kusini. Moyo na mapafu ya nyumbu na tandala vimekaa chini na mbele zaidi, katikati ya mabega. Huko unapanda na mguu wenyewe. Ukilenga nyuma ya bega kama kwa kulungu, unakaribia tumbo. Hao nawarudisha somo la kwanza.