Mia Tatu Inatosha: Dhana Potofu Kuhusu Printa za Picha Ndogo za Nyumbani

"Hii mia tatu tu? Nipe ile ya elfu tano na mia saba." Karibu kila anayekuja mezani kwangu hapa Ngamiani, Tanga, kutafuta printa ndogo ya picha za nyumbani huisema sentensi hiyo kwa namna yake. Vijana wa chuo huisema, na akina mama wanaosomewa maelezo kwenye simu na watoto wao walioko Dar huisema pia. Wauzaji wenyewe nao huisema, na wao ndio ninaowalaumu zaidi. Wanaisoma namba ya dpi kwenye boksi, yaani nukta kwa inchi, na kumkabidhi mteja bila kujiuliza inahesabu kitu gani. Matokeo yake mtu analipa pesa nyingi kwa mashine isiyomfaa, halafu picha zikitoka zina chengachenga usoni ananiletea mimi nizitengeneze.

Dhana: printa yenye dpi nyingi ndiyo inayotoa picha nzuri

Ukweli ni kwamba dpi ya printa ya wino na dpi ya printa ya ribboni, ile inayotumia utepe wa rangi, si kipimo kimoja. Zimepewa jina moja tu.

Anza na printa ya wino. Ya kawaida ina rangi nne: siani, majenta, njano na nyeusi. Hakuna tangi lenye rangi ya shavu la mtoto wako. Ili shavu litoke, printa inarusha matone madogo sana ya rangi hizo karibu karibu, kisha jicho lako linayachanganya. Ni kazi ya msusi wa mkeka mwenye miaa ya rangi tatu nne: akitaka rangi ya katikati hana budi azipishanishe nyembamba nyembamba ili anayetazama kwa mbali aone rangi moja. Kwa hiyo sehemu moja ndogo ya picha inakula matone mengi, na ndiyo sababu printa hizi zinahitaji namba kubwa. 5760 x 1440 ni hesabu ya mahali ambapo tone linaweza kuangukia ndani ya inchi moja. Si hesabu ya vitu ambavyo picha yako inaonyesha.

Ukitaka kuhakikisha, zidisha mwenyewe. Picha ya inchi 4 kwa 6 ingehitaji nukta 23,040 kwa 8,640, yaani takribani milioni 199. Picha ya simu yako ya megapikseli 12 ina pikseli, yaani nukta za picha, milioni 12. Hizo nyingine zitatoka wapi? Hazitoki popote, kwa sababu printa haizihitaji. Printa za Epson, kwa mfano, huipokea picha kwa pikseli 360 au 720 kwa inchi, halafu zenyewe zinaamua matone yakae wapi.

Sasa njoo kwenye printa ya ribboni, kama Canon Selphy CP1300 au CP1500, ambayo boksi lake linasema 300 x 300. Hapa hakuna matone. Ribboni ina vipande vya njano, majenta na siani vinavyofuatana, na cha nne kisicho na rangi. Hedi, yaani kichwa cha kuchapia, inapata joto, rangi inageuka mvuke na kuingia ndani ya karatasi. Joto likipanda rangi inakolea, likishuka inafifia, na kila rangi ina ngazi 256. Rangi tatu zikikutana mahali pamoja, nukta moja inaweza kuwa rangi yoyote kati ya zaidi ya milioni 16. Haimhitaji jirani yake kuikamilisha. Na nukta 300 kwa inchi, picha ikiwa mkononi umbali wa sentimita 30 hivi, ndipo jicho la kawaida linapokaribia kushindwa kuzitenganisha. Kwa picha ya kiganjani, hiyo mia tatu inatosha kabisa.

Bado una shaka? Chukua Epson L3250 na Epson L805. Boksi zote mbili zimeandikwa 5760 x 1440. Chapa picha ileile kwenye karatasi ileile, kisha tazama kanzu nyeupe au paji la uso linalopigwa na mwanga. L3250 itakuonyesha chembechembe, L805 itatoa laini. Tofauti ni kwamba L805 ina wino sita: imeongezewa siani hafifu na majenta hafifu, ili sehemu zenye mwanga zisijengwe kwa matone machache ya rangi kali yaliyotawanyika. Kama namba ya dpi ingekuwa ndiyo hakimu, mashine hizi mbili zingetoka sare. Ukinunua printa ya wino kwa ajili ya picha, uliza idadi ya wino kwanza, na dpi usiiulize kabisa.

Sisemi printa za wino ni mbaya. Yenye wino sita ikiwa na karatasi nzuri inatoa maandishi madogo na mistari myembamba vizuri kuliko ribboni, na inaweza kuchapa hadi A4, jambo ambalo Selphy haiwezi. Ninachokataa ni mtu kuchagua kwa namba asiyojua imetoka wapi.

Ushauri wangu, ambao nitaurudia hadi nichoke: nenda dukani na picha yako mwenyewe. Usikubali ile ya maua na kasuku iliyomo ndani ya mashine, maana rangi kali hung'aa kwenye printa yoyote. Beba picha ngumu. Ninayoipenda mimi ni ya bibi aliyevaa buibui jeusi, amekaa kivulini barazani, na kanga yenye maandishi mapajani. Ikishatoka, itoe nje ya duka uitazame kwa mwanga wa mchana, kwa sababu taa za dukani zinadanganya. Tazama kama mikunjo ya buibui inaonekana au imegeuka doa moja jeusi. Tazama ngozi ya uso inavyopita kutoka penye mwanga kwenda penye kivuli: inapita taratibu, au inaruka kwa ngazi? Tazama kama jina la kanga linasomeka. Muuzaji akikataa kukuchapia moja tu, funga mkoba uondoke.

Dhana: printa isiyotumika haili wino

Hii ndiyo inayowaumiza wateja wangu mifukoni. Mama mmoja aliniambia, "Mwanangu, nimeitunza, tangu Idi sijaigusa." Shida ilikuwa hapo hapo. Wino ukikaa kwenye matundu ya hedi bila kutoka unakauka, na joto letu la pwani linaharakisha. Ukija kuiwasha baada ya miezi, inatoa mistari. Unaisafisha hedi mara moja, mbili, tano, na kila usafishaji unamwaga wino mzuri bila kuchapa chochote. Wino huo unakwenda kwenye pedi iliyo chini ya mashine. Printa inahesabu, na hesabu ikijaa inagoma kuchapa mpaka pedi ishughulikiwe.

Basi ukiwa na printa ya wino, chapa ukurasa mmoja wenye rangi zote kila wiki, hata kama huna cha kuchapa. Izime kwa kitufe chake na usubiri imalize, usichomoe ukutani. Ukiizima kwa kitufe, hedi inarudi kwenye kifuniko chake na matundu yanazibwa. Ukichomoa katikati ya kazi, au umeme ukikatika, hedi inabaki wazi inakauka, kwa hiyo umeme ukirudi iwashe kisha uizime vizuri. Kama nyumbani kwako picha huchapwa Idi, harusi na shule zikifungwa tu, nunua ya ribboni. Ribboni iliyofungwa kwenye pakiti yake haina cha kukauka.

Dhana: "haina wino, kwa hiyo haina gharama"

Vile vijiprinta vya kuingia mfukoni, kama HP Sprocket, kweli havina wino. Rangi imo ndani ya karatasi yenyewe kama fuwele zisizoonekana, nazo huamshwa na joto la hedi. Fujifilm Instax nayo haina wino, ila inatumia filamu halisi yenye kemikali zake. Kila picha unayotoa umeshailipia ulipolipia karatasi. Kokotoa hivi: bei ya pakiti gawa kwa idadi ya picha, kisha linganisha na bei ya kuchapisha studio mtaani kwako. Mara nyingi studio itashinda, na sioni ubaya kumwambia mteja hivyo. Tena angalia ukubwa. Sprocket ya kawaida inatoa sentimita 5 kwa 7.6, na picha ya Instax Mini ni milimita 62 kwa 46. Zinapendeza mtoto kuzibandika kwenye daftari, lakini picha ya ukoo wa watu ishirini hutamjua shangazi. Na karatasi zake usiziache ndani ya gari lililoegeshwa juani Raskazone.

Dhana: picha yenye nyeupe nyingi inaokoa ribboni

Haiokoi. Kila picha inatumia kipande kizima cha kila rangi, iwe ni theluji au ni usiku wa manane. Boksi la Selphy la karatasi 108 za saizi ya postikadi lina ribboni tatu, kila moja picha 36, haipungui wala haizidi. Hilo kwangu ni jambo jema, kwani unajua gharama ya kila picha kabla hujaibonyeza. Uliza tu kabla ya kununua mashine: ribboni zake zinapatikana hapa Tanga au ni mpaka Kariakoo? Kama ni Kariakoo, beba boksi mbili siku hiyo hiyo.

Na hapa naomba unisikilize vizuri. Ribboni iliyotumika inabaki na kivuli cha kila picha uliyochapa, rangi kwa rangi, na anayeikunjua anaiona. Ukichapa picha za bibi harusi akiwa ndani, au picha ya kitambulisho chako, usiitupe ribboni nzima jalalani. Ikatekate kwa mkasi kwanza.

Dhana: simu ya megapikseli 50 inatoa picha safi zaidi kwenye karatasi ndogo

Picha ya sentimita 10 kwa 15 kwa nukta 300 inahitaji pikseli milioni 2 na kidogo. Simu ya miaka kumi iliyopita inazo. Kinachoharibu picha ni njia iliyopitia: imetumwa WhatsApp, ikapunguzwa, mtu akaipiga skrinishoti, akaituma kwenye kundi la familia, na wewe unaletewa ya nne kutoka kwenye chanzo. Mwambie mwenye picha akutumie kama hati, au achague HD.

Dhana: karatasi ni karatasi

Karatasi ya picha ya printa ya wino mara nyingi ina upande mmoja tu uliopakwa. Ukichapa mgongoni, wino unatambaa na kubaki mbichi. Ya Selphy haiingiliani na ya wino, wala ya wino haiingii kwenye Selphy. Unyevu wetu ukiiingia karatasi ya picha, inajikunja na kukwama ndani ya mashine, hivyo rudisha zilizobaki kwenye pakiti na uifunge. Picha ya wino iache ikauke siku nzima kabla ya kuiweka kwenye fremu, na isigusane na kioo, maana kwa hewa ya hapa itaganda na hutaibandua salama.

Dhana: "printa yako inakata watu vichwa"

Printa haikati mtu. Simu nyingi hupiga kwa umbo la 4 kwa 3, karatasi ndogo ya picha iko karibu na 3 kwa 2. Maumbo hayo hayalingani, hivyo ukichapa bila mipaka lazima kitu kiondoke, na kwa picha ya kulala huondoka juu na chini, penye kilemba na viatu. Unapopanga watu, rudi nyuma hatua moja na uache nafasi juu ya vichwa. Kama picha imeshapigwa na watu wamebana juu, chagua kuchapa yenye mipaka myeupe. Utaona ukanda mweupe pembeni, na watu wote watakuwemo.