Printa ya picha nyumbani: usidanganywe na namba za kwenye boksi

Ukiulizia dukani printa ya kusafishia picha nyumbani, muuzaji atakuonyesha namba: 5760 kwa 1440. Wengi tunaamini namba ikiwa kubwa, picha itakuwa safi zaidi. Sivyo. Namba hiyo inaeleza jinsi printa inavyoweza kusogeza matone ya wino karibukaribu ndani ya inchi moja. Picha ya inchi 4 kwa 6 inatosheka na pikseli (nukta zinazounda picha) 1200 kwa 1800, na simu yako inazipita mbali.

Tofauti iko kwenye wino. Rangi nne zinatosha barua na mitihani ya watoto. Sura ya mtu ina madai makubwa zaidi. Sogeza picha karibu na macho, utazame shavu pale mwanga ulipopiga. Printa ya rangi nne hupata weupe huo kwa kutawanya nukta chache za wino mzito, na ngozi huonekana kama imemwagiwa chengachenga. Ya rangi sita, mfano Epson L805, ina samawati hafifu na majenta (wekundu wa kizambarau) hafifu, kwa hiyo shavu hung'aa taratibu, nukta huzioni. Kama lengo lako ni picha za watu, mimi ningejinyima hadi nipate ya rangi sita.

Wapo pia wanaodhani wino mweusi ni mmoja tu. Baadhi ya printa zina mweusi wa pigmenti, yaani wa chembe za rangi zisizoyeyuka, mzuri kwa maandishi lakini haushiki kwenye karatasi ya kung'aa. Hapo printa huuacha, ikachanganya rangi nyingine kutengeneza weusi, na nywele zinaweza kutoka na ukahawia. Uliza kabla ya kulipa.

Karatasi nene si lazima iwe ya picha. Ya picha ina tabaka linaloushika wino juu usizame. Gusa kona kwa kidole chenye unyevu: upande unaonata ndio wa kuchapia. Kisha chagua aina hiyohiyo ya karatasi kwenye kompyuta. Niliwahi kuharibu picha za harusi ya dada yangu kwa kuacha chaguo la karatasi ya kawaida; zililowa wino, zikafifia.

La mwisho, printa haitunziki kwa kuwekwa tu. Chapa ukurasa wa rangi kila wiki, na uizime kwa kitufe chake, si kwenye soketi. Ukikata umeme ghafla, hedi, yaani kichwa kinachotoa wino, haipati nafasi ya kurudi kwenye kifuniko chake cha mpira, na wino hukaukia matunduni.